Barua ya wazi kwa watunga sheria: mmejadili harusi vya kutosha, sasa jadilini msiba

Waheshimiwa wabunge, mawaziri na majaji,

Pokeeni salamu zangu. Nawaandikia kuhusu jambo ambalo ama limeshafika mezani kwenu ama liko njiani: je, sheria itambue ndoa ya watu wawili wa jinsia moja? Nimefuatilia mijadala ya mabunge ya nchi mbalimbali, na karibu kote nimeona wasemaji wakikazania sherehe. Nani atawafungisha, watasimama mbele ya nani, jamii itaonaje. Harusi huisha jioni. Sheria ya ndoa huanza kazi yake baadaye, mtu anapolazwa hoi asiweze kujisemea, anapofariki na kuacha nyumba na madeni, wawili wanapoachana, au ofisa wa uhamiaji anapouliza huyu uliyefuatana naye ni nani wako. Ombi langu ni kwamba mnapousoma muswada, usomeni kwa macho ya mfiwa.

Wengi wanaijua hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 26 Juni 2015, iliyofungua ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja katika majimbo yote 50. Wachache wanajua ilianzia wapi. Huko Ohio, John Arthur alikuwa kitandani akimalizwa na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli hadi mtu asiweze kusogea wala kupumua mwenyewe. Yeye na James Obergefell walikuwa wameishi pamoja kwa takriban miaka 20. Jimbo lao halikuruhusu ndoa yao, Maryland iliruhusu. Ndugu na marafiki wakachanga fedha, ikakodiwa ndege ya kubebea wagonjwa, na tarehe 11 Julai 2013 wakafungishwa ndoa ndani ya ndege hiyo ikiwa imeegeshwa uwanjani karibu na Baltimore. Wakageuza, wakarudi nyumbani. Oktoba mwaka huohuo Arthur akafariki.

Kesi iliyobeba jina la Obergefell hadi mahakama ya juu kabisa ilihusu kipengele kimoja kwenye cheti cha kifo: jina la mwenza aliyeachwa. Alitaka jina lake liandikwe hapo. Serikali ya jimbo ikapigana mahakamani ili lisibaki. Majaji watano wakamkubalia, wanne wakakataa. Fikirini, waheshimiwa, ni mambo mangapi mfiwa anatakiwa kuyabeba katika miezi ya kwanza ya msiba, kisha muongezeeni hilo la kwenda kubishana na serikali kwamba marehemu alikuwa wake.

Miaka miwili kabla ya hukumu hiyo mahakama ileile ilikuwa imesikiliza kesi ya Edith Windsor. Yeye na Thea Spyer walichumbiana mwaka 1967 na hawakuweza kuoana hadi 2007, tena kwa kusafiri hadi Toronto, wakati huo Thea akiwa ameshalemazwa na ugonjwa wa neva. Thea alifariki mwaka 2009 akamwachia Edith mali yake. Serikali kuu ya Marekani, ambayo haikuitambua ndoa hiyo, ikamtoza kodi ya mirathi ya dola 363,053. Mjane wa mwanamume asingetozwa hata senti kwa urithi uleule. Wanawake wawili waliouguzana hadi uzeeni walihesabiwa kuwa watu baki, na mkusanya kodi alikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa sheria iliyokuwepo. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika visa hivi. Mara nyingi hakuna karani mkatili wala daktari mwenye chuki. Kuna fomu tu, na fomu imeandikwa na nyinyi.

Najua jibu ambalo wengi wenu hulitoa hapa, tena kwa nia njema: waandike wosia, waandikiane hati za kupeana mamlaka, mambo yataisha bila kuigusa ndoa. Lisa Pond na Janice Langbehn walikuwa nazo hati hizo. Februari 2007 walikuwa Miami pamoja na watoto wao, wakijiandaa kupanda meli kwa mapumziko, Lisa akaanguka ghafla, mshipa umepasuka kwenye ubongo. Kwa maelezo ya Janice, aliwekwa nje kwa saa kadhaa yeye na watoto huku mwenzake akiwa mahututi, ingawa hati zilikuwa zimeshatumwa hospitalini kwa faksi. Lisa hakupona. Janice alishitaki, na kesi ikatupwa mwaka 2009. Ilibidi Rais Barack Obama, Aprili 2010, aagize kwamba hospitali zote zinazopokea fedha za bima za serikali ziheshimu chaguo la mgonjwa kuhusu nani amtembelee na nani amsemee.

Hati ya mwanasheria ina udhaifu ambao hauonekani siku ya kuisaini. Lazima itafutwe, isomwe, iaminiwe na mtu ambaye hajawahi kuiona, usiku wa manane, mlangoni kwa wagonjwa mahututi. Mke na mume hawaulizwi cheti mlango ule. Zaidi ya hapo, mkataba huwafunga waliousaini tu. Haumfungi mfuko wa pensheni, haumfungi mkusanya kodi, haumfungi ofisa wa uhamiaji, wala haumzuii mwajiri kumnyima mfiwa ruhusa ya kwenda kuzika. Ndoa ni hadhi ambayo kila mtu, hata asiyewajua wawili hao, analazimika kuiheshimu, na hakuna rundo la mikataba linaloweza kuizalisha hadhi hiyo. Na tusisahau kwamba wanasheria hulipwa. Mwenye fedha ataandikiwa karatasi zake zote. Maskini, ambaye ndiye mwenye nyumba moja tu ya kupoteza, atabaki na ahadi za mdomo.

Kisha wako ndugu. Nisieleweke kama nazisema vibaya familia, kwa kuwa wapo wazazi wengi waliomkumbatia mkwe wao na kumlinda kama mtoto wao. Lakini wosia hupingwa. Ndugu waliomtenga marehemu miaka yote ya uhai wake wanaweza kufika siku ya tatu baada ya mazishi kudai funguo, na pale ambapo hakuna ndoa sheria ya mirathi husimama upande wao. Aliyemuuguza, aliyelipa nusu ya mkopo wa nyumba, aliyelala kwenye kiti cha hospitali, huambiwa afungashe.

Sasa niiseme hoja nzito zaidi, ya dini. Mimi ni mtu wa ibada na sitaki serikali iingie madhabahuni wala mihrabuni kuwafundisha viongozi wa dini nani wa kumbariki. Kwa sababu hiyohiyo sitaki madhabahu iwe ofisi ya msajili. Mambo haya mawili yameshatenganishwa kwa muda mrefu katika jambo ambalo hatulipigii tena kelele: Kanisa Katoliki halikubali kwamba talaka huvunja ndoa, lakini serikali nyingi huwaandikisha waliotalikiana wanapooa au kuolewa tena, na padri halazimiki kuwabariki. Mtalikiwa aliyeoa upya hurithi, huingia wodini, hupata pensheni ya mjane au mgane. Hakuna aliyesema imani imefutwa kwa hilo.

Na sheria zinaweza kuandikwa hivyo. Sheria ya mwaka 2013 ya Uingereza na Wales imeweka wazi kwamba hakuna dhehebu wala mchungaji anayelazimishwa kufungisha ndoa ya jinsia moja, na Kanisa la Anglikana la huko limewekewa kizuizi mahususi hadi lenyewe litakapoamua vinginevyo. Nchini Denmark, tangu 2012, ndoa hizo zinaweza kufungwa katika kanisa la taifa lakini mchungaji mmoja mmoja anaweza kukataa. Afrika Kusini, katika sheria yake ya 2006, ilikwenda mbali zaidi ikawaruhusu hata wasajili wa serikali kukataa kwa sababu za dhamiri, kisha mwaka 2020 ikaifuta ruhusa hiyo. Mimi nakubaliana na kufutwa kwake. Mchungaji anahudumu kwa niaba ya imani yake. Mtumishi wa umma anahudumu kwa niaba yetu sote, na mwananchi aliyekuja ofisini na vitambulisho vyake hapaswi kubahatisha ni karani yupi yuko zamu leo.

Wengine wenu mnasema: tuwaachie wananchi wapige kura. Waayalandi walifanya hivyo tarehe 22 Mei 2015 na asilimia 62 wakasema ndiyo. Australia ikafanya uchunguzi wa maoni kwa njia ya posta mwaka 2017, asilimia 61.6 ya waliojibu wakaunga mkono, na bunge likapitisha sheria Desemba. Nayapenda majibu hayo na bado siipendi njia iliyotumika. Kwa miezi mingi watu walilazimika kugonga milango ya majirani kuwaomba idhini ya kuwa familia, jambo ambalo jirani hajawahi kuombwa kwa ndoa yake. Slovenia walipiga kura za maoni mwaka 2012 na 2015, zote zikakataa, kisha mwaka 2022 Mahakama yao ya Katiba ikaamua kwamba ubaguzi huo unavunja katiba na bunge likabadilisha sheria. Katika miaka ile kumi watu walikuwa wakiugua na kufa kama kawaida. Bermuda ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi: mahakama iliruhusu mwaka 2017, bunge likaondoa mwaka 2018, majaji wa huko wakarudisha, na mwaka 2022 Baraza la Faragha (Privy Council) huko London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya rufaa ya kisiwa hicho kilicho chini ya Uingereza, likaruhusu uondoaji huo. Familia za watu zilirushwa huku na huko kama mpira kati ya mahakama na bunge.

Ndiyo maana nauheshimu uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini wa tarehe 1 Desemba 2005, ulioandikwa na Jaji Albie Sachs. Mahakama ilisema sheria iliyopo inavunja katiba kwa kuwatenga wapenzi wa jinsia moja, kisha ikalipa bunge miezi 12 kurekebisha. Bunge likafanya kazi yake, na tarehe 30 Novemba 2006 sheria mpya ikaanza. Taiwan ilipita njia kama hiyo: mahakama Mei 2017, miaka miwili ya muda, sheria Mei 2019. Waheshimiwa, mlichaguliwa kwa ajili ya maswali magumu kama haya. Msiyakabidhi kwa majaji ili mpate wa kuwalaumu, wala msiyatupe kwenye sanduku la kura kwa kuogopa jimbo lenu.

Ipo pia njia ya katikati, usajili wa wenza bila ndoa. Sitaibeza. Denmark ilianza hivyo tarehe 1 Oktoba 1989, ya kwanza duniani, na miongoni mwa waliosajiliwa siku hiyo walikuwa Axel na Eigil Axgil, waliokuwa pamoja kwa karibu miaka 40. Kwao ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ichunguzeni njia hiyo kwa kipimo nilichowaomba. Denmark ya 1989 haikuwapa wenza hao haki ya kuasili watoto pamoja. Mkataba wa wenza wa Ufaransa, Pacs, ulioanza 1999, haumfanyi mwenza kuwa mrithi pasipo wosia, na aliyebaki hapati pensheni ambayo mjane wa ndoa hupata. Ufaransa ilifungua ndoa kamili mwaka 2013, na Pacs imebaki, sasa ikitumiwa zaidi na wapenzi wa jinsia tofauti wanaotaka kifungo chepesi zaidi. Ni sawa kabisa kuwa na kifungo chepesi kwa anayekichagua. Kumpa mtu hicho peke yake, kisha akajikuta hana kitu siku ya kuzika, ni jambo jingine. Kama mtaamua kuanza na usajili, basi uandikeni kwa kuanzia mwisho: mirathi, pensheni, kodi, wodi, mwili wa marehemu, haki ya kupanga mazishi. Jina lake mtabishana baadaye.

Kuhusu watoto nitasema machache, ingawa ndilo eneo linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Watoto hawa wapo tayari. Hakuna bunge linalopiga kura wawepo au wasiwepo. Mnapiga kura kuhusu kama mzazi wa pili atakuwa kwenye karatasi. Mwaka 2023 huko Padova, Italia, waendesha mashtaka waliomba mahakama ifute majina ya akina mama wa pili, wale ambao hawakubeba mimba, kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliokuwa wakiwalea tangu siku ya kwanza. Mtoto aliyefutiwa mzazi namna hiyo, yule aliyebaki kwenye cheti akifariki, kisheria ni yatima, wakati mama yake wa pili yuko jikoni anampikia. Mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua kwamba mama wawili waliokubaliana kupata mtoto kwa msaada wa kitabibu nje ya nchi watambuliwe wote. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha kitaaluma, AAP, walikuwa wameshatamka mwaka 2013 kwamba wanaunga mkono ndoa ya wazazi wa jinsia moja kwa ajili ya usalama wa watoto wao. Mwenye kujali watoto aanzie hapo.

Mipaka nayo inaumiza. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Mromania Adrian Coman na mumewe Mmarekani waliooana Brussels, iliamua kwamba nchi mwanachama haiwezi kumnyima mume huyo haki ya kuishi kwa kisingizio kwamba yenyewe haina ndoa hizo. Mahakama ya Juu ya Namibia ilifikia uamuzi wa namna hiyo tarehe 16 Mei 2023 kwa wenza waliofunga ndoa nje, na ndani ya miezi michache bunge likapitisha miswada ya kuupindua. Wabunge waliopiga kura ile walizungumza sana kuhusu utamaduni. Sikusikia wakieleza ni nini hasa kitaharibika nchini mtu akiruhusiwa kuishi na mumewe ambaye tayari ni mumewe.

Niongee sasa na nyinyi mnaotawala pale ambapo mapenzi haya ni kosa la jinai. Bado ni zaidi ya nchi 60. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa hayo, na Mahakama ya Katiba ikaiacha sehemu kubwa yake iendelee kutumika Aprili 2024. Kenya, katika ibara ya 45 ya katiba yake ya 2010, imeandika haki ya ndoa kwa watu wa jinsia tofauti. Kwenu siombi ndoa kwanza, kwa kuwa huwezi kumpeleka msajilini mtu anayekimbia polisi. Ondoeni kwanza kifungo cha jela. Jambo la pili linaweza kufanyika hata leo bila kugusa neno moja la katiba zenu: tungeni sheria fupi inayomruhusu mtu mzima yeyote kumteua mtu mzima mwingine, bila kuulizwa wana uhusiano gani, awe ndiye wa kumwamulia hospitalini, kuchukua mwili wake na kumzika. Iwe na rejista ya serikali ambayo hospitali zote zinaweza kuiangalia. Itawafaa dada wawili wazee wanaoishi pamoja. Itamfaa aliyelelewa na jirani. Itawafaa pia wale ambao leo hawathubutu hata kutajwa.

La mwisho ni kifungu kidogo ambacho kwa kawaida hukosekana kwenye miswada, nami nakiomba kwa msisitizo kuliko yote. Michael Ely na James Taylor, wakazi wa Arizona, Marekani, walikuwa pamoja tangu 1971. Ndoa ilipofunguliwa jimboni kwao kwa amri ya mahakama, wakafunga ndoa Novemba 2014. Miezi sita baadaye Taylor akafariki kwa saratani. Mfuko wa hifadhi ya jamii ukamnyima Ely mafao ya mfiwa, kwa kuwa sheria ilitaka ndoa iwe imedumu miezi tisa. Zaidi ya miaka 40 ya kuwa pamoja haikuhesabiwa, ilhali kilichowazuia kuoana mapema ni sheria ya jimbo lenyewe. Mwaka 2020 mahakama ikasema hilo halikubaliki, na mwaka 2021 serikali ikaacha rufaa yake, kwa hiyo wengine waliofiwa katika hali kama hiyo wakapata mlango.

Mkiipitisha sheria yenu, iangalieni miaka iliyopita. Ujerumani ilipofungua ndoa mwaka 2017 iliruhusu wenza waliosajiliwa zamani kubadili usajili wao kuwa ndoa, na haki zao zikahesabiwa tangu siku waliyosajiliwa. Uingereza nayo huihesabu ndoa iliyotokana na usajili tangu tarehe ya usajili. Andikeni kifungu cha namna hiyo, kisha ongezeni cha pili kwa ajili ya wale ambao hawakuwa na usajili wowote kwa sababu hamkuwapa: akithibitisha kwamba waliishi pamoja kama familia na kwamba kilichowazuia kuoana ni sheria tu, aliyefiwa apewe pensheni, arejeshewe kodi, na jina lake liingizwe kwenye cheti cha kifo hata kama kilitolewa miaka kumi iliyopita. Wekeni muda wa kutosha wa kuleta maombi, miaka miwili au mitatu, maana wengi wao ni wazee na habari huchelewa kuwafikia.

Wenu kwa heshima,
Mwananchi mwenzenu